Chaji ya Bure Kiwanja cha Ndege

Jumanne, 17 Juni 2025

Nimepata kazi! Mlinzi wa ndege. Siyo ndege ya abiria. Hii ni nyembamba, nyeupe, mabawa yake marefu kuliko nyumba yetu pamoja na choo. Iko kiwanjani hapa Nachingwea. Mwenye nayo ni Kapteni Hafidha, mama mtu mzima kutoka Tanga. Anahesabu tembo wanaoingia mashambani, kuanzia Kilimarondo hadi upande wa Ruangwa. Amenieleza vizuri. Injini ni ya kupandia tu. Ukishafika juu unaizima, inajikunja nyuma ya viti, ndege inaelea kimya na tembo hawashtuki. Nikauliza, na kushuka je? Akasema kushuka hakuhitaji injini. Nikacheka kwa adabu.

Masharti: mbuzi wasisogee, watoto wasisogee, na mimi nisiguse kitu.

Mtaani umeme bado. Transfoma imekufa tangu wiki iliyopita. Jirani yangu Kipriani ana sola kibandani kwake, anachajia watu simu. Ana kiburi siku hizi! Ukimsalimia anaitikia kwa nyusi. Leo nimemkuta Mwantumu amekaa kwenye kiti cha Kipriani, anakunywa soda ya Kipriani, anasubiri chaji ya Kipriani. Mwantumu huyo huyo ambaye namsalimia mwaka wa pili sasa bila kupata zaidi ya "salama".

Nimerudi nyumbani bila hamu ya kula. Nimekula hivyo hivyo.

Jumatano, 18 Juni

Nimekaa ndani ya ndege. Kukaa siyo kugusa.

Pembeni ya kiti kuna tundu la chaji, kama la kwenye gari. Nikachomeka simu yangu, kujaribu tu. Ikaingia! Chaji safi, ya kasi, hata sola ya Kipriani haioni ndani.

Alasiri nikapita mtaani. Nikamwambia Mwantumu, kwa sauti ya mtu aliyezoea mambo makubwa, kwamba kwangu chaji ni bure. Akanitazama usoni. Mara ya kwanza! Akaniuliza naitoa wapi. Nikasema kiwanja cha ndege. Akaleta simu, na ile betri yake ya akiba, kubwa kama tofali. Bi Mwanabibi wa jirani akasikia, akaleta tochi na redio. Kisha wakaja wengine. Nikaazima waya wenye matundu mengi. Magharibi, kiti cha Kapteni kilikuwa kinamulika vitaa vyekundu kama harusi ya mjini.

Kipriani alikaa kibandani peke yake. Nilipita mbele yake mara tatu bila sababu.

Alhamisi, 19 Juni

Msaidizi wa Kapteni anaharisha. Anatafutwa mtu wa kukaa kiti cha pili na kutazama tembo. Kipriani amekuja na shati la kunyoosha! Kapteni akampenda papo hapo, kwa kuwa kazaliwa Kilimarondo na anajua njia za tembo.

Sikuvumilia. Nikamvuta Kapteni pembeni, nikamnong'oneza kwamba kijana ni mzuri ila macho hana, juzi alisalimia mgomba. Kapteni akasikitika. Kesho napanda mimi.

Kipriani aliondoka na shati lake. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini jioni watu walikuwa wananisubiri na simu zao, nikasahau.

Ijumaa, 20 Juni

Naandikia Matambarale, kijiji cha upande wa Ruangwa, nyumbani kwa watu.

Asubuhi injini iliwaka kwa kusuasua. Kapteni akasema labda ni baridi. Tukapaa. Nachingwea ikawa ndogo. Nikampungia Mwantumu, ingawa sikujua yuko wapi.

Juu kabisa, injini ikanyamaza.

Nilipiga kelele. Nilitoa shahada. Nilimng'ang'ania Kapteni mkono hadi akaniambia, "Masoudi, nimeizima mwenyewe. Nilikueleza juzi." Nikaachia. Kimya kitupu, upepo tu. Tukaelea hadi upande wa Ruangwa. Tembo niliowaona walikuwa vichuguu. Kapteni alikuwa mpole, akasema hutokea.

Kisha akasema tumeshuka vya kutosha, anawasha injini tupande tena. Akabonyeza. Injini ikainuka nusu, ikakwama hapo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akabonyeza tena. Hamna. Akagonga kioo cha saa ya betri.

Nilijua. Pale pale nilijua! Niliiona tochi ya Bi Mwanabibi, niliiona redio, niliiona ile betri kubwa kama tofali. Kapteni akauliza, "Hukugusa kitu?" Nikasema, "Hapana, Kapteni."

Hakupaniki. Alisema injini za ndege hizi zina tabia ya kugoma hewani, ndiyo maana yeye haizimi kabla hajachagua shamba la kutua. Alikuwa ameshalichagua. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

Tulitua kwenye shamba la ufuta. Ufuta ulishavunwa, umefungwa mafungu na kusimamishwa ukauke. Tulipita katikati. Bawa la kushoto lililaza safu nzima, na mbegu zote zikamwagika mchangani, shaa, kama mvua ya kwanza.

Mwenye shamba, Mzee Mustafa, alikuja mbio na jembe. Nikajua ndiyo mwisho. Akalitupa jembe, akatukumbatia. Akasema ufuta utaota tena, mtu haoti. Ametupa ugali na mbaazi. Amewaambia majirani kwamba mimi ni kijana jasiri. Wamenishika mkono wote.

Nami niliwashika. Nilimaliza sahani kwa heshima ya mwenyeji.

Jumamosi, 21 Juni

Lori limeturudisha na ndege, mabawa yamefunguliwa. Kapteni amekaa kwenye simu mchana kutwa na fundi wake, Linus, aliyeko Arusha. Linus ndiye aliyeikagua betri kabla ya safari. Anaapa ilikuwa nzima. Kapteni amemwambia kwa utaratibu, na huo utaratibu ndio mbaya zaidi, kwamba hawezi kufanya kazi na fundi anayeapa wakati saa inaonyesha sifuri.

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu. Nilifungua mdomo. Nikauliza kama anataka chai.

Mtaani wananiita rubani. Nimesimulia kibandani kwa Kipriani kwamba niliushika usukani mimi. Kipriani akasema, "Pole sana, kaka. Tunashukuru umerudi mzima." Akanipa soda. Ilikuwa chungu, au mimi ndiye.

Jumapili, 22 Juni

Nitaandika haraka nimalize.

Asubuhi Kapteni alikuwa anafungua kifuniko cha betri, mimi nimeshika bisibisi. Akatokea Bi Mwanabibi na kuku chini ya kwapa. Akasalimia, akaulizia afya za nyumbani, kisha akanikabidhi kuku mbele ya Kapteni.

"Mwanangu, shukrani. Redio inaimba tangu Jumatano. Leo mnachaji saa ngapi? Nimemwambia na dada yangu alete."

Kapteni akaweka bisibisi chini. Akamuuliza Bi Mwanabibi, kwa heshima zote, wanachaji wapi. Bi Mwanabibi akaonyesha kwa mkono. Kwenye kiti hicho hapo, mwanangu, si ndicho chenu?

Sikuwa na pa kujificha. Nilikuwa na kuku.

Nilitegemea matusi. Ningeyapokea. Kapteni alikaa chini kwenye nyasi. Halafu akasema, "Kule juu nilikuuliza, Masoudi. Tulikuwa wawili tu mle ndani." Basi. Akapiga simu Arusha, akamwomba Linus msamaha, akanipa simu niongee naye mwenyewe.

Nikaeleza. Kisha Linus akauliza, "Wewe hukuumia?"

Nililia. Mtu mzima, kiwanjani, kuku anatazama.

Mwantumu amekuja kuchukua simu yake. Hakuniitikia hata hiyo "salama". Kazi imeisha. Kipriani ndiye mlinzi. Kapteni amempima macho kwa kumwonyesha mwewe. Kipriani akamwambia ni dume.

Jumatano, 25 Juni

Nipo Matambarale. Nimekuja mwenyewe kumwambia Mzee Mustafa ukweli na kumsaidia kazi. Nilipomaliza kueleza, akakuna kidevu, akauliza kama huko juu kulikuwa na baridi. Kisha akanipa ungo.

Nachekecha ufuta kutoka mchangani. Mbegu ni ndogo kuliko nilivyowahi kufikiri. Mgongo umekufa. Majirani waliokuja kunishika mkono Ijumaa sasa wanapita, wanasalimia, wanatazama ungo. Aibu hii naistahili. Nimeapa: kitu cha mtu sigusi tena. Nimeapa kwa sauti, mke wa Mzee kasikia.

Ijumaa, 27 Juni

Mzee Mustafa ameenda Ruangwa mjini, atarudi keshokutwa. Ameniamini! Nimeguswa sana. Ameniachia nilinde pampu yake ya maji kule mtoni kwenye bustani ya nyanya. Amesema nisiiwashe, nyanya zimeshanyweshwa.

Pampu nzuri. Inalala tu kutwa. Na nimeona pikipiki zinapita barabarani, zimejaa vumbi jekundu hadi taa hazionekani. Vijana wanaoziendesha wangefurahi mtu akiwaoshea. Dada mmoja muuza mihogo kando ya barabara, anaitwa Zuhra, ameuliza kama mimi ni mtaalamu wa mitambo. Nikasema kiasi.

Nimefikiri sana kabla ya kuamua. Nimejihoji kama mtu mzima. Jambo hili ni tofauti kabisa na lile. Pampu haina betri. Nimeangalia mara mbili.