Kibao cha Nyuma cha Gari la Babu

Jumatatu, 9 Juni

Naahidi mbele ya daftari hili jipya kwamba nitaandika yote, ya kunipamba na ya kunifedhehesha. Mwalimu wetu wa lugha husema anayeandika nusu ya ukweli ameandika uongo mzima. Insha yangu juu ya maneno hayo ilisomwa mbele ya darasa, kwa hiyo siwezi tena kurudi nyuma.

Basi. Leo gari la babu limeanguka ukaguzi!

Si breki. Si matairi. Si hata honi, ambayo hulia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Ni kibao cha namba! Kile cha nyuma. Mkaguzi, ambaye mtaa mzima humwita Hatua Ishirini, alisimama nyuma ya gari, akahesabu hatua zake ishirini kwenda mbali, akageuka, akafinya macho. Akaandika kwenye fomu: kibao cha nyuma hakisomeki, kirekebishwe, gari lirudi Jumamosi.

Baba amerudi amenuna. Kumbe njiani alikutana na jirani yetu mfuga kuku, ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akililia gari hilo. Anataka kung'oa viti, aweke vichanja, atie kuku. Baba, kwa hasira, amempa neno: likianguka tena Jumamosi, njoo ulivute. Na baba si mtu wa kumeza neno lake. Ahadi kwake ni deni, hata kama mdai ni kuku.

Bibi alisikia. Kila alasiri Bibi hukaa kiti cha mbele cha gari hilo, hufungua redio, hunywa chai yake. Husema ndipo mahali pekee ambapo marehemu babu hakuwahi kumkatiza maneno, kwa kuwa alikuwa akitazama barabara. Leo hakufungua redio. Alikaa tu, kikombe kikapoa mkononi.

Nimeapa: kuku hawataingia.

Nimekwenda kumwita fundi wa magari wa pale kona. Alikitazama kibao kwa muda wa kupiga chafya, akasema ni tope lililokauka na moshi wa miaka, nichukue sabuni na brashi. Sabuni! Nilimshukuru kwa adabu. Lakini jambo zito namna hii, lenye fomu na mhuri, haliwezi kumalizwa na sabuni.

Nimefanya jaribio la kisayansi. Nimemsimamisha Bibi hatua ishirini nyuma ya gari, nikamwomba asome. Amesoma: "Karibuni Nyote." Hali ni mbaya kuliko nilivyodhani.

(Miwani yake ilikuwa mezani. Sidhani kama jambo hilo lina uzito.)

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza. Mimi ndiye mwenye mwandiko bora darasani, na cheti kipo ukutani. Nimechukua rangi nyeusi iliyobaki tulipopaka geti, nikaandika upya juu ya namba yote. 7338. Saba nimeipa mkia. Tatu mbili zimeshikana mikono kama mapacha. Nane nimeivika ua dogo kichwani, kwa kuwa iko mwisho na ilionekana mpweke.

Baba alipokiona alikaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Fundi ameitwa. Ameniuliza gari linakwenda ukaguzi au linakwenda kuolewa. Kisha, kwa upole wa mtu anayezuia kicheko, amenieleza sheria. Tarakimu zibaki vilevile zilivyotoka kiwandani. Zisiongezwe, zisipunguzwe, zisisogezwe. Skrubu isipite katikati ya namba. Kibao kisipinde, kisipasuke, kisicheze. Maua hayakutajwa popote. Nimeuliza mara mbili.

Amenipa tambara na mafuta ya kutolea rangi. Nimesugua saa mbili nzima. Mkia umetoka, ua limetoka, na pamoja navyo uchafu mwingine mweusi wa zamani ambao haukunihusu. Kazi yote bure! Nimerudi palepale nilipoanzia.

Fundi amesema sasa hata kuku anaweza kukisoma. Si uungwana kumtajia mtu kuku akiwa kwenye msiba.

Jumatano, 11 Juni

Nimeokoka! Mwalimu wa hesabu amesema jambo likirudiwa mara mia huingia kichwani lenyewe bila kubisha hodi. Alikuwa akisema juu ya kuzidisha kwa saba. Mimi nilikuwa nikifikiria macho ya mkaguzi.

Macho yake yana kazi gani? Kuipeleka namba kichwani. Je, kama namba imekwisha fika huko kabla yake? Akiona hata kivuli cha saba, atamalizia mwenyewe! Huu si udanganyifu. Ni elimu.

Hatua Ishirini hunywa chai kila siku saa nne katika mkahawa unaopakana na uwanja wa shule. Meza yake iko dirishani, mbele ya pale tunaporukia kamba. Nimetunga:

Saba tatu, tatu nane,
ruka dada tuonane!
Saba tatu, tatu nane,
ukichoka tuachane!

Herufi mbili za mwanzo wa namba nimeziacha. Haziimbiki.

Shida ni kamba. Ndefu kuliko zote ni ya jirani yangu wa dawati, tunayemwita Kamusi kwa sababu hakuna asichokijua. Baba yake ana gari jipya linalong'aa kama sahani, nalo linakwenda ukaguzi Jumamosi hiyohiyo. Kamusi amekubali kutoa kamba, mradi ubeti wa pili uwe na namba ya baba yake. Sifuri, tano, moja, sita. Wasichana watano wameruka kwa namba hiyo, watano wameanguka. Kamusi amesema tatizo ni miguu yetu.

Tumeimba wimbo wangu mara sitini na mbili. Dirishani mkaguzi aliweka kikombe chini, akatutazama. Nikapandisha sauti.

Alhamisi, 12 Juni

Maendeleo! Mama mwenye mkahawa ameniambia kwamba leo alimuuliza mkaguzi atiwe vijiko vingapi vya sukari. Akajibu saba. Akajisahihisha: tatu. Akawaza. Tatu. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyepata alichokipoteza: nane. Mama wa watu akatia vyote, maana mteja ni mteja. Mkaguzi alikunywa mpaka tone la mwisho.

Sikubweteka. Nimeandika 7338 kwa chaki kwenye ngazi ya mkahawa, kwenye pipa la taka la njiani kwake na kwenye nguzo tatu za umeme. Kisha nikamwona jogoo wa jirani, ambaye huzurura mtaa mzima kama mwenyekiti. Nimemfunga kikadi shingoni. 7338. Nilitumia mwandiko wa kawaida. Nimejifunza.

Ijumaa, 13 Juni

Mkaguzi amekutana na jogoo saa moja asubuhi. Nilikuwa nyuma ya ua, nimeona kwa macho yangu. Alisimama. Alirudi nyuma hatua ishirini, akihesabu kwa midomo. Akamtazama jogoo, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari. Jogoo amepita ukaguzi!

Wimbo umeingia hata nyumbani. Baba ananyoa ndevu kwa mdundo wa tatu nane. Bibi anauimba akipepeta mchele, ingawa yeye huishia "tuoane", na anakataa kurekebishwa.

Jioni jirani amekuja kwa mambo mawili. Kwanza, kuuliza nani amemsajili jogoo wake. Pili, kulipima gari kwa kamba. Akamwambia Bibi, tena kwa tabasamu, kwamba kuku wa mayai watakipenda sana kile kiti cha mbele, kimelainika vizuri.

Bibi hakusimama kutoka kwenye kiti hicho. Alimwambia: "Pima, mwanangu, pima. Na ukimaliza jipime na wewe, kamba usije ukaitafuta siku ya kuchimbiwa kaburi."

Nilicheka. Halafu nikaona ameshika mkono wa mlango, ameung'ang'ania. Nikaacha kucheka.

Jumamosi, 14 Juni

Siku yenyewe. Nitaandika polepole.

Magari yalikuwa kumi na moja. Sisi tulikuwa wa nne. Baba usukani, Bibi kwenye kiti chake, mimi nyuma nikivuma wimbo kwa sauti ya chini, kama dawa ya nyongeza.

Gari la kwanza lilikuwa la kubebea mikate. Hatua Ishirini akahesabu hatua zake, akageuka, akasoma kwa sauti: saba, tatu, tatu, nane. Akaandika. Moyo wangu ukaruka. Kisha ukatua vibaya, maana lile halikuwa gari letu.

La pili lilikuwa la baba yake Kamusi, na Kamusi mwenyewe ndani. Akasoma: saba, tatu, tatu, nane. Kalamu ikasimama hewani. La tatu lilikuwa trekta. Saba, tatu...

Akapiga kelele lango lifungwe. Magari matatu namba moja! Vibao bandia! Mwenye mikate akauliza bandia ni cha nani, mikate yake inapoa. Baba yake Kamusi akasema yeye ni mtu wa heshima. Mwenye trekta akasema heshima haisomwi hatua ishirini. Mkaguzi akawa anazunguka, anasoma kila kitu: lango, saba tatu tatu nane. Mlango wa choo, saba tatu tatu nane. Akafika nyuma ya gari letu, akakitazama kibao, akakaa chini. "Hii ndiyo mama yao," akasema, na machozi yakamtoka.

Mkuu wa kituo akatoka ofisini. Ni mama mrefu asiyecheka. Akasoma vibao vyote mwenyewe, kimoja kimoja, na kila gari likarudishiwa namba yake. Chetu akakisoma kwa hatua ishirini. Kisha thelathini. Kisha kutoka kwenye ukuta wa mwisho, ambako mtu huonekana kama kijiti. Akasema ni kibao safi kuliko vyote alivyoviona mwezi huu.

Limepita! Gari la babu limepita! Bibi akafungua redio palepale.

Ndipo mkuu akauliza kilichompata mkaguzi wake. Kamusi, ambaye hana asichokijua, akaanza kuimba. Foleni nzima ikaitikia. Mkaguzi pia, akiwa ameketi chini, tena kwa sauti nzuri ya pili. Vidole vyote vikanielekea.

Mkaguzi amepewa likizo. Cheti chetu kimepigwa mhuri, kikawekwa kwenye droo, droo ikafungwa kwa ufunguo. Mkuu amesema hakitatoka mpaka mimi nimpelekee maelezo ya maandishi, yote, tangu mwanzo, Jumatatu asubuhi.

Tuliporudi, jirani alikuwa getini na wavu na kuku watatu. Baba akamwambia cheti kipo, kiko droo. Jirani akasema cheti cha droo si cheti. Atasubiri mpaka Jumatatu adhuhuri. Kuku mmoja amekwisha taga chini ya gari letu.

Jumapili, 15 Juni

Shikamoo, Mama Mkuu wa Kituo.

Maelezo uliyoyataka ni daftari hili lenyewe. Nimelisoma upya na sikufuta kitu, hata ile habari ya ndoo.

Fundi amekuja leo kutupongeza. Anasema wimbo haukufanya lolote, kwamba kibao kilikwisha kusafika tangu Jumanne niliposugua, na kwamba sabuni ingetosha tangu mwanzo. Nimemwachia aamini hivyo. Ni mzee wangu. Lakini mimi naona wazi: tuliimba, gari likapita.

Namwombea mkaguzi apumzike vizuri. Bibi amemtumia lile yai.

Daftari hili ataliwasilisha Bibi mwenyewe kesho asubuhi. Baba atamleta kwa gari, naye atasubiri getini kwenu kwenye kiti chake, redio ikiwa wazi, na hataondoka bila cheti, maana adhuhuri si mbali na kuku hawana subira. Ukimpa cheti, tafadhali umpe pamoja nacho jibu la swali moja dogo, kwa karatasi yoyote. Fomu yenu inasema ukaguzi ujao, Desemba, utakuwa wa honi, na habari za yetu umezisoma ukurasa wa kwanza.

Huyo mkaguzi mgeni atakayekuja, chai yake atakuwa anainywea wapi, na je, ana mazoea ya kusikia mbuzi?