Vikaratasi vya Upendo

Jumatatu, 4 Machi

Nimezaliwa upya! Jana shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinipeleka kwenye semina ya siku nzima. Mada: uongozi wenye moyo. Msemaji alivaa suti isiyo na mkunjo hata mmoja. (Mimi ni dobi, hayo ndiyo ninayoyaona kwanza.) Alisema mteja si nguo, mteja ni mtu. Machozi yalinilengalenga. Miaka kumi na minne nina duka la kufulia na sijawahi kuliwaza hilo.

Machozi yana sababu nyingine: Mama Pasi. Ndiye anayepiga pasi dukani kwangu, mwaka wa tisa sasa. Kila mteja akiingia, kabla hajanisalimu, anauliza kama Mama Pasi yupo. Na mimi nimesimama pale pale kaunta, koti jeupe, jina la duka kifuani! Leo wameuliza watu kumi na mmoja. Nimehesabu.

Kibaya zaidi, Bwana Povu, dobi wa ng'ambo ya barabara, anamtaka akapige pasi kwake. Mama Pasi ameniambia mwenyewe, bila kuficha. Atampa jibu Jumatatu ijayo. Nikamwambia hainitishi.

Inanitisha. Lakini dawa ninayo: nitawajua wateja kuliko anavyowajua Mama Pasi.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu! Kila nguo inayoingia tunaibania kikaratasi kwa pini, kina namba, ili suruali ya huyu isiende kwa yule. Upande wa pili ni mtupu. Miaka yote hiyo mtupu! Kuanzia leo naandika hapo habari za mwenye nguo. Akija kuichukua, nachungulia, namchangamkia kama ndugu wa tumbo moja.

Nimeandika hamsini na tatu kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu mkuu, suti ya kijivu: "Kitambi kinakua. Mwambie amepungua." Daktari wa meno, blauzi nne: "Ana maneno huyu mama. Tikisa kichwa tu." Mama mkwe wangu, gauni la bluu: "Msifu. Usimwulize anaondoka lini."

Mama Pasi aliniuliza naandika nini. Nikasema ni mambo ya uongozi. Akasema kama nataka kuwajua watu, niwaulize habari zao, kisha ninyamaze wanijibu. Nilicheka. Mtu hajawahi kukanyaga semina!

Yeye pia nimemwandikia chake, nikakibana kwenye koti lake la kazi lililokuwa kapuni. Kwangu hakuna upendeleo.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Mwalimu mkuu aliingia saa mbili. Nikachungulia, nikamwambia amepungua mno, anaumwa? Akajitazama kwenye kioo cha mlango, kwanza ubavu huu, kisha ule. Akaondoka na suti yake akipiga mluzi. Alisahau kabisa kumwulizia Mama Pasi! Daktari wa meno aliongea dakika ishirini na tano. Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikalia.

Nimetangaza: Ijumaa, saa kumi alasiri, Siku ya Kuwashukuru Wateja. Viti ishirini vya kukodi, soda, keki, na hotuba yangu ya kurasa sita. Bwana Povu amechungulia dirishani kwake mara tatu. Achungulie tu, macho ni yake.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Balaa tupu!

Vikaratasi huwa vinaondoka na nguo. Ndivyo tunavyofanya siku zote, mteja anavitoa mwenyewe nyumbani. Nilijua. Ni mimi niliyeanzisha utaratibu huo!

Asubuhi mke wangu aliniwekea kikaratasi kando ya kikombe cha chai. Kilikuwa cha mama yake. Mama mkwe mwenyewe akatokea chumba cha wageni, akanijulisha kwamba ataondoka mwisho wa mwezi ujao, kama nilikuwa na shida ya kujua.

Dukani simu haikupumzika. Mwalimu mkuu alikuwa ameshapeleka suruali tatu kwa fundi zipunguzwe kiuno. Ndipo mkewe akasoma kikaratasi.

Na Mama Pasi! Alivaa koti lake la kazi na kikaratasi akakibana kifuani, mbele kabisa: "Anadhani duka ni lake. Msalimie asubuhi, kazi itaenda haraka." Alipiga pasi nacho siku nzima. Kila aliyeingia alikisoma. Nilimwomba akitoe. Akajibu kwa upole kwamba angekitoa, ila mwandiko wangu ni mzuri sana. Nimeona aibu. Ile ya masikio kuwaka moto.

Ijumaa, 8 Machi

Nilitaka kuahirisha sherehe. Mama Pasi akakataa katakata. Akasema nitasimama mlangoni niwaombe radhi, mmoja mmoja, bila karatasi mkononi.

Walikuja wote. Kila mmoja na kikaratasi chake. Niliomba radhi mpaka koo likakauka. Walipita wamenuna, lakini nyuma yangu alikuwapo Mama Pasi. Akamwuliza mwalimu mkuu kama presha ya mama yake imeshuka. Akamwuliza daktari wa meno kama paka amerudi. (Amerudi, na watoto wanne.) Nyuso zikaanza kulegea.

Ndipo mwalimu mkuu akasimama, akasoma kikaratasi chake kwa sauti ya darasani, na alipofika kwenye kitambi akakipiga kofi. Duka zima liliangua kicheko. Baada ya hapo kila mtu alitaka kusoma chake. Mama mkwe alisoma cha kwake mara mbili! Mke wangu alicheka hadi akaegemea mashine. Hotuba yangu haikupata nafasi. Bwana Povu naye alivuka barabara, akala vipande viwili vya keki.

Walipoondoka, Mama Pasi aliniuliza swali moja tu. Binti yake wa pekee anafanya kazi gani?

Miaka tisa tumeshinda chumba kimoja. Sikujua. Nilitamani sakafu inimeze. Akaniambia: ni mkunga, hospitali kuu. Akasema wateja anawapenda na hana haja ya kuwaacha. Lakini Jumatatu, kabla hajampa Bwana Povu jibu, anataka nimwulize habari za binti yake. Mimi mwenyewe, kwa moyo wangu, bila kikaratasi. Nikishindwa, anavuka barabara.

Nimeapa. Mkono juu ya ubao wa pasi. (Ulikuwa bado wa moto.)

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi njema! Mama Pasi amenisifu mapema: koti limenikaa, duka linapendeza, jana nilijitahidi. Nikafanya kazi kwa furaha mpaka mchana. Nilipovua koti nikakuta kikaratasi kimebanwa ndani ya ukosi. Mwandiko wake: "Mwenye duka. Msifu kidogo kabla ya saa nne. Akianza kueleza mbinu, itikia tu."

Nimekisoma mara tatu. Ameiga mbinu yangu! Mtu asiyekanyaga semina! Kumbe haikuwa mbaya hata kidogo, wateja tu hawakuwa tayari. Nimeagiza vikaratasi elfu moja, vipana zaidi.

Sasa Jumatatu. Siwezi kubahatisha, kichwa changu nakijua. Nimeandika: "Mama Pasi. Binti, mkunga. Uliza kwa huruma, sikiliza kama dakika mbili. Asijue umeandika." Nimekibana ndani ya mfuko wa koti langu jeupe, mahali ambapo hakuna atakayekiona.

Koti lenyewe lina doa la keki. Nimeliweka kwenye kapu la Mama Pasi, alisafishe Jumatatu asubuhi kabla sijafika.