Kidevu Ndani ya Kabati la Joto

Jumatatu, 3 Machi

Profesa ametangaza leo. Mfupa utakaonawiri zaidi ndio utakaoingia usoni mwa Mtangazaji. Wa pili utabaki akiba.

Mtangazaji ni yule mama aliyekuwa akituamsha asubuhi redioni, mpaka uvimbe ulipokula taya lake la chini na madaktari wakakata kidevu kizima. Sasa ana bamba la chuma na kitambaa mdomoni. Tumetoa uboho nyongani mwake, tukachuja seli shina, zile seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini ukubwani. Tumezipanda kwenye viunzi viwili vyenye umbo la kidevu. Kiunzi ni kama sifongo gumu: seli zinaingia matunduni, zinajenga mfupa, na sifongo linayeyuka polepole.

Kimoja changu. Cha pili cha Bi Taratibu, mwenzangu wa maabara. Huyu hufungua mlango kama vile kuna mtoto amelala nyuma yake. Mshindi atakuwa mkuu wa chumba. Sikubali kuamriwa na mtu anayenong'ona na vyombo vya kioo.

Jumanne, 11 Machi

Aibu. Mfupa wa Bi Taratibu umeanza kuweka ukungu mweupe. Wangu ni sifongo lililolowa.

Bi Taratibu ameniambia nisiwe na wasiwasi, seli za mtu mzima huchelewa, mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwamba mbivu nyingine huozea mtini. Hakucheka.

Nina mpango. Mwezi uliopita daktari wa meno alining'oa gego. Nililiomba, akanifungia kwenye pamba, akidhani nataka kumbukumbu. Ndani ya jino mna nyama laini, na ndani ya nyama hiyo mna seli shina zenye nguvu ajabu. Nimekuwa nikizikuza pembeni mwa kabati la joto tunamotunzia viunzi, bila sababu, kama mtu anavyofuga kuku mmoja.

Leo, Bi Taratibu alipokwenda kula, nimezidondoshea kwenye kiunzi changu. Kidogo tu. Unga wote ni wa Mtangazaji, mimi nimetia hamira.

Jumatatu, 24 Machi

Hamira imefanya kazi. Mfupa umejaa, mweupe, mgumu. Nikigonga chombo kwa kucha unatoa mlio kama kikombe cha chai. Profesa aliuinamia mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akasema hajawahi kuona kasi kama hii. Raha tupu.

Jambo moja dogo. Katikati ya kidevu pameota kishimo. Kiunzi hakikuwa na kishimo. Nilikikata mwenyewe kwa picha za Mtangazaji, na kidevu chake ni laini kama yai.

Mimi ninacho kishimo. Marehemu baba alikuwa nacho pia. Nitasema ni kiputo cha hewa.

Jambo la pili, ambalo si jambo. Kila jioni ninaondoka mfupa ukiwa umeelekea ukutani. Kila asubuhi nakuta umeelekea mlangoni. Pampu inazungusha maji, kwa hiyo ni maji. Wa Bi Taratibu una pampu hiyohiyo, na haujawahi kugeuka.

Jumapili, 30 Machi

Nilikwenda kumsalimia Mama. Nikamwonyesha picha ya mfupa kwenye simu ili ajue mwanawe si wa kubezwa. Sikumwambia ni nini.

Akavaa miwani. Kisha akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaitazama kwa mbali, akaniuliza ni nani aliyempiga baba yangu picha akiwa hana uso.

Nikamweleza kwamba ni mfupa wa maabara, wa mama mmoja mgonjwa. Akasema sawa, yeye si msomi, ila aliishi na kile kidevu miaka yake yote ya ndoa, na alijua kwa kukitazama tu kama mwenye nacho amerudi na hasira. Huyu, alisema, amerudi na hasira.

Nikacheka. Mama hakucheka. Aliifunika simu kwa kitambaa cha meza, na nilipotaka kuondoka ilibidi niiombe.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeshinda. Profesa amechagua mfupa wangu. Upasuaji ni baada ya wiki mbili. Bi Taratibu alinipa mkono, mkono wa baridi, akaniomba tu nimweleze siri yangu ya kukuza. Nikasema ni kipaji.

Sasa naandika na furaha imepungua kidogo, sijui kwa nini. Asubuhi nilipokuwa nanyoa ndevu, wembe ulipita kidevuni bila kukwama. Zamani ulikuwa unakwama kishimoni. Nilipapasa kwa kidole. Kishimo kipo, lakini nadhani kilikuwa na kina zaidi.

Mfagizi wa maabara naye amebadilika. Zamani alikuwa anaingia kimya. Siku hizi anabisha hodi, hata kama chumba ni kitupu. Nilimuuliza anamwambia nani. Akasema anamwambia mwenye chumba.

Ijumaa, 4 Aprili

Siku mbaya. Mtangazaji aliletwa kuuona mfupa wake mpya.

Ni mama mdogo wa umbo, kitambaa cheupe puani mpaka kifuani, macho makali. Alianza na mfupa wa Bi Taratibu, wa akiba. Akauwekea kiganja kwenye kioo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na jirani. Kisha akaja kwa wangu. Akasimama. Pampu ilikuwa inavuta maji, shuu, shuu, na nikatambua kwamba chumba kizima tunapumua pamoja nayo.

Akavuta kitambaa. Akasema neno mojamoja, kwa taabu, kwa kile kilichobaki cha sauti ile tuliyoizoea:

"Huyu si mimi."

Profesa akamweleza kwa heshima kwamba umetokana na uboho wake mwenyewe.

"Ni mwanamume," akasema. "Na ananiangalia kama nimekalia kiti chake."

Nikaingilia kati. Nikasema wagonjwa wengi hupata hofu kabla ya upasuaji, ni kawaida. Mtangazaji akanigeukia. Alinitazama usoni, kisha chini kidogo ya mdomo, na hapo macho yake yakakaa. Nilijifunika kidevu kwa mkono. Nikajifanya nakohoa.

Mtangazaji alipoondoka, Bi Taratibu alisema, bila kunitazama, kwamba seli za mtu mwingine zikiingia mwilini, mwili huzipiga vita. Uso wa mama wa watu ungeoza kutoka ndani, naye alishapoteza vya kutosha. Akapendekeza mfupa upimwe kama ni wa mwanamke au wa mwanamume. Profesa akakubali.

Usiku sikulala. Nilimwona yule mama na kitambaa chake, kimelowa.

Jumatatu, 7 Aprili

Ningeweza kusema ukweli. Nililifikiria jambo hilo kuanzia kituo cha basi hadi getini. Getini nikapata mpango bora zaidi.

Nilijitolea kupeleka sampuli maabara ya vipimo. Bi Taratibu akakwangua mfupa, akanikabidhi kichupa, akanishukuru. Nilitaka kubadilisha kwa ukwangu wa mfupa wake yeye, lakini siku hizi anafunga chombo chake kwa ufunguo. Mtu asiyewaamini wenzake ni mtu wa ajabu sana.

Nikawaza. Swali lao ni moja, mwanamke au mwanamume. Wanataka mwanamke. Mama ni mwanamke. Kazi imekwisha.

Nilipitia kwa Mama, nikampangusa ndani ya shavu kwa pamba ya kutia kichupani, nikamwambia naangalia vidonda. Alifumbua mdomo kama mtoto. Akaniuliza, pamba ikiwa bado mdomoni, kama yule mzee wa kwenye kabati anapewa chakula.

Ijumaa, 11 Aprili

Tuliitwa ofisini kwa Profesa. Alikuwa na majibu mawili mezani. Mawili. Kumbe Bi Taratibu alikwangua mara mbili, kichupa kimoja akanipa mimi, kingine akakipeleka mwenyewe.

Profesa akasoma taratibu. Kichupa cha Bi Taratibu: seli za Mtangazaji chache, na zilizobaki zote za mwanamume. Kichupa nilichopeleka mimi: mwanamke, lakini si Mtangazaji. Kisha, kwa kuwa maabara ya vipimo ina vijana wenye bidii, waliongeza kwamba yule mwanamke ni mama mzazi wa yule mwanamume.

Profesa akavua miwani. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kama kuna familia inayoishi ndani ya kabati lake la joto, na kama tutarajie wajukuu.

Nikafungua mdomo ili niseme ni hitilafu ya mashine. Badala yake nikasema yote. Gego, hamira, pamba. Sijui nani aliyezungumza. Kidevu kilikuwa kinakwenda chenyewe.

Nimeondolewa chumbani. Sitagusa tena kitu chochote kilicho hai. Nitaosha chupa. Mfupa wa Bi Taratibu ndio utakaotumika, na Bi Taratibu ndiye mkuu wa chumba. Mlangoni nilimwambia hongera. Akasema asante, na kwamba angependa ningemwendea mapema, kwa sababu hata wa kwake ulilala siku nyingi kabla ya kuamka. Sikujua pa kutazama.

Jumapili, 13 Aprili

Mfupa wangu ulipaswa kuchomwa. Nilitumwa kuupeleka kwenye tanuri la hospitali. Fundi wa tanuri alifungua sanduku, akalifunga, akasema yeye huchoma taka, hachomi watu wenye ndugu zao. Nikaenda na mfupa kwa Mama.

Mama alikuwa ameshapiga pasi shuka jeupe. Sikuwa nimempigia simu.

Tulichimba pembeni mwa kaburi la baba. Shimo dogo, kama la kupanda muhindi. Mama akauzungushia shuka, akaulaza na kishimo kikiwa juu, akasema, "Haya baba, rudi ukapumzike, mtoto amekusumbua." Nilimimina udongo. Udongo ulizama, nikaongeza, ukazama tena. Mama akaniambia niondoe mkono wangu kidevuni na nifanye kazi kwa mikono miwili. Nilipoweka mikono yote kwenye jembe, shimo likajaa.

Tulirudi nyumbani. Nilijiapiza kwamba basi, sirudii tena.

Jumatatu, 19 Mei

Leo Mtangazaji alikuja kuangaliwa. Hana kitambaa. Kidevu laini kama yai, kovu jembamba pembeni. Alisimama koridoni, akasema habari za asubuhi, sauti ile ile, na manesi watatu wakalia. Kwangu alipita akasema pole na kazi. Sikuona kejeli ndani yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimetafakari sana huku nikiosha chupa. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Kidevu. Kidevu kiko mbele ya uso, kila mtu anakiona. Mtu mwenye akili asingeanzia hapo.

Ameletwa mgonjwa mpya, fundi baiskeli aliyeanguka, ana tundu juu ya fuvu. Atakuziwa mfupa humu humu, na chupa zake naosha mimi. Fuvu ni kitu kingine kabisa. Fuvu lina nywele juu yake.

Mchana nilipita wodini kumtazama. Ana upara.

Haidhuru. Nitamtafutia kofia.