Malalamiko Dhidi ya Lenzi Fupi Iliyokuja Msibani kwa Mjomba Agyekum

Bantama, Kumasi.

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wapiga Picha za Shughuli.

YAH: KUPIGA MARUFUKU LENZI ISIYOFIKA UREFU WA KIGANJA

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na kwamba wewe mwenyewe unatumia lenzi yenye urefu wa heshima.

Mimi ni Dufie, muuza vitambaa vya msiba. Namshtaki kwako mwanachama wako Yaw Adomako. Yaw ni mtoto wa mdogo wangu Pokuaa, kwa hiyo ni mwanangu pia, na ni mimi niliyemnunulia lenzi ninayoilalamikia. Pokuaa na mimi hatusemeshani tangu tulipogawana nguo za marehemu mama, lakini hayo hayahusiani na barua hii. Naomba umnyang'anye Yaw kadi ya chama kabla ya arobaini ya mjomba wetu. Najua kadi hiyo ndiyo ugali wake. Sababu zangu ni hizi.

1. Lenzi yenyewe ilichaguliwa vibaya. Tulikwenda pamoja duka moja mtaa wa Adum, muuzaji akatupangia lenzi kadhaa juu ya kioo. Mimi nimechagua viazi vikuu sokoni maisha yangu yote. Nilinyanyua moja moja, nikaipima kwa mkono, nikaigonga chini kwa kidole nisikilize, nikachagua ndefu nzito ambayo hata muuzaji aliishika kwa mikono miwili. Yaw akachagua kifupi kimoja kinachofichika ndani ya ngumi, tena kisichovuta cha mbali kikaja karibu. Alisema ni rahisi, ni nyepesi, inaona vizuri penye mwanga hafifu, na kwamba kamera yake ni hizi za kisasa ndogo, ukiifunga lenzi kubwa inainamisha kichwa. Nikamuuliza mtu aliye mbali atampigaje. Akanijibu, "Nitamfuata, Mama mkubwa. Miguu ninayo." Nikalipa, kwa sababu bei ilinifurahisha mno. Kwa hilo naomba radhi.

2. Ilituaibisha mbele ya majirani. Jumamosi hiyo kulikuwa na msiba mwingine ng'ambo ya barabara, na mpiga picha wao alikuwa na lenzi kama mchi wa kutwangia. Wafiwa wa kule waliketi wima, nguo zimekaa sawa, kila mmoja anajua kwamba anatazamwa na kitu kikubwa. Wa kwetu waliniuliza mpiga picha yuko wapi ilhali amesimama mbele yao. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikata kitako cha kopo la maziwa, nikalipaka rangi nyeusi, nikamwambia alichomeke mbele ya lenzi. Alilivaa kwa picha tatu, akalalamika kwamba anaona kisima, akalivua. Kopo ninalo bado, linaweza kutumiwa na mwanachama mwenye nidhamu.

3. Miguu. Kwa kuwa lenzi haivuti, Yaw alilazimika kumwendea kila mtu mpaka karibu na pua. Nawe unajua, Mwenyekiti, kwamba msibani humwendei mtu aliyeketi bila kushika mkono wa kila aliye mstarini, kuanzia kulia. Kwa hiyo kila alipotaka picha ya mtu wa mwisho alianza mwanzo, mkono, pole, mkono, pole, mpaka afike, apige moja, halafu akumbuke kwamba amemruka wa katikati. Wageni wa kutoka Mampong hawakumjua. Walidhani ni kijana aliyefiwa vibaya sana. Kamera walidhani ni redio. Walimkalisha, wakampa maji, wakamuuliza amekuja na ujumbe gani, kama mila inavyotaka kwa kila anayefika. Alipojibu kwamba amekuja kupiga picha, mama mmoja aliangua kilio, akasema majonzi yamemwingia kichwani.

4. Hakutumia flashi. Alisema lenzi yake inatosheka na mwanga wa chini ya turubai, lakini sisi hatukuambiwa. Kwetu mtu hujua amepigwa picha pale flashi inapomchoma macho, ndipo hupumua. Tulisimama kwa picha ya ukoo mzima tumebana pumzi, macho yametutoka, tunasubiri. Yaw alikwishamaliza kitambo, yuko pembeni anakunywa soda. Bibi Ataa, mkongwe wetu, alianza kuyumba. Ikawa bahati kwamba mpishi mmoja alipita na sufuria mpya, jua likaipiga, mng'ao ukatuingia machoni, na ukoo wote ukapumua kwa pamoja, ukatawanyika ukishukuru.

5. Lenzi hii ina upendeleo. Yule inayemtazama anaonekana hadi tundu la hereni, na wa nyuma yake anageuka uji. Mkuu wa ukoo wetu, Opanin Boadu, aliketi nyuma yangu. Pichani ni doa jeusi lenye kiraka chekundu. Yaw alimweleza kwamba ukungu huo ndio uzuri wa lenzi na watu huulipia. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, nimeishi miaka yote hii ili nionekane. Ukungu nitaukuta huko ninakokwenda." Tangu siku hiyo hajaitikia salamu yangu.

6. Hili ndilo linaloniuma, na ndilo lililonishikisha kalamu. Viti vya wafiwa hupangwa kwa kufuatana kuzaliwa, kwa hiyo mimi na Pokuaa tuliketi bega kwa bega kutwa nzima, kila mmoja anatazama upande wake. Yaw akatufikia tena, anatiririka jasho, mkono umemvimba kwa kusalimia. Pokuaa akasema bila kumtazama mtu, "Huyu akirudi tena nitamwachia mkono wangu, aende nao."

Mwenyekiti, nilicheka. Nilicheka kwenye msiba wa mjomba wangu, nimemwegemea mwanamke nisiyesema naye, naye amenishika paja, meno yetu yote nje. Mwenye lenzi ndefu angekuwa mbali, angeona wafiwa wawili wenye adabu. Yaw alikuwa magotini petu, na hakuna flashi iliyotuonya. Picha hiyo sasa imo kwenye simu za ukoo mzima, hadi kwa walioko ng'ambo.

Kwa hiyo naomba chama kiamue kwamba lenzi isiyofika kiganja isiingie msibani. Ikibidi iingie, ibebwe juu ya mto na watu wawili, ili ionekane. Mpiga picha asiyeweza kuvuta avae kengele mguuni. Na picha ile ya namba sita ifutwe popote ilipo duniani.

Nisalimie mkeo, katibu wako, mtunza hazina, na wanachama wote kwa urefu wa lenzi zao.

Mimi niliyeonekana kuliko nilivyoomba,
Dufie, wa duka la vitambaa.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Pokuaa amebisha hodi. Alikuja kudai picha hiyohiyo ifutwe, kwa ajili ya meno yake. Tulikaa kuitazama ili tujue ni nani kati yetu ametoka vibaya zaidi, na tulibishana mpaka viazi nilivyompakulia vikapoa, tukavila hivyo hivyo. Halafu tukatazama picha za yule mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, tulizotumiwa na majirani, maana lenzi yake ilitufikia hata sisi. Kila mtu anaonekana, mstari umenyooka, na mimi na Pokuaa tumekaa kama watu wasiojuana. Pokuaa alizifunika kwa kiganja.

Basi kadi ya Yaw usiiguse. Ile picha tunataka ioshwe kubwa, mbili, moja kwake na moja kwangu. Yaw anasema dukani ipo lenzi nyingine fupi zaidi, ambayo mpiga picha akiitumia hana budi kusogea karibu zaidi. Nakuomba uiruhusu kabla ya arobaini. Mimi na Pokuaa tumeshakubaliana kukaa pamoja.