Nafasi ya Nje, Bandari ya Lemmer

Jumatatu, 2 Desemba 1957

Upepo wa kusini-magharibi bado. Mvua yenye barafu. Ziwa la IJssel limechafuka, hakuna anayevuka. Tishari letu, chombo cha mizigo ambacho pia ni nyumba yetu, halina mzigo, tunakwenda Amsterdam kutafuta shehena, na tishari tupu kwenye upepo huu ni kikombe ndani ya beseni. Basi tumefunga gatini, tunangoja. Jiko linawaka. Supu ya njegere iko motoni. Nilikuwa na amani zangu.

Watu wawili wameniharibia.

Wa kwanza Trijntje. Tishari lao limefungwa ubavuni mwetu, upande wa nje, kwa hiyo akitaka kwenda dukani lazima apite juu ya sitaha yetu. Sawa, apite. Lakini kila aliyezaliwa majini anajua: kwenye chombo cha mwenzio unapita mbele, omo, kwenye kamba na nanga. Hupiti nyuma, kwenye madirisha ya watu. Trijntje anapita nyuma! Leo kasimama kabisa, kachungulia sufuria yangu, kaniuliza kupitia kioo, shoga, hiyo ni supu au maji ya kuoshea vyombo?

Wa pili binti yangu Hiske. Kasema mezani, huku anapuliza kijiko, kwamba Alhamisi, siku ya Mtakatifu Nikolasi, Onno anakuja kuzungumza na baba. Onno ni fundi wa mapaa, wa mji wa Sneek. Walijuana tulipopakua vigae pale wakati wa kiangazi. Kuzungumza na baba! Kijiko changu kikabaki hewani.

Mtu wa nchi kavu. Ana nyumba. Nyumba ina ngazi na bustani na haiendi popote. Akimwoa, Hiske atakaa humo, na mimi nitakuwa napita mbali na shehena ya viazi, napunga mkono kama kichaa.

Huyu mtoto nilimpeleka bweni la watoto wa matishari ana miaka saba, kama sote tunavyofanya, maana shule haielei. Nilimwona Jumapili tukiwa karibu. Hatukuwa karibu mara nyingi. Kaja kurudi kwangu kanizidi kimo. Ndiyo kwanza nimeanza kuwa naye. Sijashiba.

Wiebe, mume wangu, kasema aje tu, tutamwona. Hata kimbunga kikitangazwa redioni Wiebe husema hivyohivyo.

Nimeosha vyombo huku nafikiri. Nimepata.


Jumanne, 3 Desemba

Upepo uleule. Mpango ni huu. Mtu wa nchi kavu hana tumbo la majini. Namkumbuka yule mchungaji aliyekuja kumbatiza mtoto wa dada yangu kwenye tishari lao, siku ya mawimbi. Aligeuka rangi ya njegere. Alibatiza amekaa chini. Hakurudi tena! Sasa Onno akitapika mara moja tu, mbele ya Hiske na mbele ya baba yake, mwenyewe ataona kwamba sisi si watu wake. Simfanyii ubaya. Tumbo lake ndilo litakalosema.

Tatizo: hapa gatini tumetulia tuli. Anayeyumba ni Trijntje, kule nje, kila wimbi likiingia bandarini linamkuta yeye kwanza. Kwa hiyo lazima tubadilishane nafasi.

Hakuna mtu mwenye akili anayeacha gati wakati wa dhoruba. Nilijua itakuwa vigumu. Nimemwendea Trijntje na kipande cha keki ya tangawizi, nikamwambia namwonea huruma Jelle, mumewe, na goti lake, kuruka ruka kila siku kwenye sitaha ya watu. Trijntje kanitazama kwa jicho moja. Kasema goti la Jelle linauma tangu vita, mimi huruma nimeipata leo? Gati lina nini? Nikasema halina kitu. Hapo ndipo akashtuka zaidi. Kaja kukagua. Kavuta kamba zetu, kanusa maji, kaniuliza kama kuna panya. Nikaapa hakuna. Kasema mtu haapi bure.

Mwishowe kakubali, kwa sharti moja: niseme mbele ya Jelle kwamba mapazia yake ni meupe kuliko yangu.

Nimesema. Niliangalia bomba la jiko wakati nasema. Mungu kanisikia na ataelewa.

Wiebe nimemwambia moshi wa kile kibanda cha kukaushia samaki pale gatini unaniharibia mapazia. Kasema mke wangu, upepo kama huu watu wanatafuta gati, wewe unalikimbia? Nikasema mapazia, Wiebe. Akavaa koti. Ameoa siku nyingi, anajua vita vya mapazia havina mshindi mwanamume.


Jumatano, 4 Desemba

Tumehama. Asubuhi nzima kwenye mvua, Wiebe na Jelle wanatupiana kamba na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Sasa tuko nje. Tunayumba! Taa inabembea. Vikombe vinatembea mezani vyenyewe. Hiske kauliza mbona Mama unaimba.

Wiebe alipoingia ndani kukausha soksi nilitoka nikalegeza kamba ya nyuma kidogo. Kidogo tu. Tukayumba vizuri zaidi.

Nimekwenda dukani. Nimepita kwa Trijntje omo, kama binadamu. Kanitandikia gunia la kufutia miguu. Mimi! Gunia! Na alikuwa amesimama kando kuhakikisha nafuta.

Nimenunua chokoleti za sikukuu, zile za herufi ya jina la mtu. W ya Wiebe. H ya Hiske. G ya Geeske, yaani mimi. Muuzaji kaniuliza familia ndiyo hiyo tu? Kwenye rafu kulikuwa na O, kubwa, nzuri. Nikamwambia ndiyo hiyo tu.

Moyo umenisuta njiani. Kidogo. Halafu upepo ukaivua skafu yangu kichwani nikasahau.


Alhamisi, 5 Desemba, Mtakatifu Nikolasi

Nimefunga madirisha yote. Nimelijaza jiko makaa mpaka bomba likawa jekundu. Nimekaanga nyama ya nguruwe yenye mafuta, kwenye mafuta. Halafu nikamjazia Wiebe kiko chake mwenyewe, nikamwambia avute humu humu ndani. Miaka yote kuvuta ndani ni marufuku. Kanigusa paji la uso aone kama nina homa.

Onno kaja kwa basi. Tukasikia Trijntje anacheka kule kwake. Natoka kutazama: kijana anavuka sitaha ya Trijntje kwenye mvua ya barafu na soksi! Viatu kavishika mkononi! Kumbe Hiske alimwambia watu wa majini huvua viatu, naye hakuuliza huvua wapi. Kavua gatini. Trijntje kamwambia, baba, wewe ndiye mtu wa kwanza kuiheshimu sitaha yangu mwaka huu. Kampa taulo. Kanitazama mimi. Upuuzi!

Nikamweka Onno kule mwisho wa benchi, karibu na jiko, panapopanda na kushuka kuliko pote. Nikaweka ndoo karibu na mguu wake, kama vile imekaa tu.

Kala. Kaongeza. Kauliza, Mama, yale mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yana mwenyewe? Nikampa na mkate achovye. Akachovya. Moshi, joto, taa inakwenda huku na huku. Wiebe mwenyewe jasho linamtoka. Halafu Onno akanyamaza. Uso ukalegea. Nikasogeza ndoo.

Alikuwa amelala! Ameketi wima, mdomo wazi, anakoroma. Kabla hajazungumza neno na baba. Hiske kamfunika na shali yangu.

Habari zikaja kwamba mti umeanguka barabarani, basi la kurudi halipo. Basi Wiebe kamwamsha, kampeleka kwenye kitanda cha omo, chini ya sitaha ya mbele. Swali halijaulizwa. Kwa hiyo bado sijashindwa.


Ijumaa, 6 Desemba

Siku gani hii! Naandika nimelala chali.

Alfajiri kimya. Upepo umekufa. Bandari nzima ikaamka kwa wakati mmoja, kila injini inakohoa, maana kule Amsterdam anayefika kwanza ndiye anayepata shehena kwanza. Na tishari la ndani haliwezi kutoka mpaka la nje litoke. Na la nje ni nani? Sisi!

Jelle anapiga kelele tutoke. Trijntje katoka na vibanio vya nywele kichwani, anaelekeza kidole. Kasema leo ndiyo amejua! Eti huruma ya goti! Eti keki ya tangawizi! Shoga, wewe ni nyoka, ulijua upepo utakufa, ukataka uwe wa kwanza! Na mimi nikakupa nafasi kwa mikono yangu, mjinga mimi!

Wiebe akageuka kunitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu tuoane. Kasema, mke wangu, kumbe mapazia ilikuwa ni ujanja? Nikatazama chini, kama mtu mnyenyekevu. Sikumsahihisha. Angefurahi nini nikimsahihisha?

Tulipokuwa tunafungua kamba nikakumbuka: Onno! Yuko omo, amelala. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Upepo umekufa lakini mawimbi ya ziwa hayajapata habari, yataviringika mpaka jioni. Bandarini ni kuchezacheza tu. Ziwani ndiko kwenyewe. Nikamtazama Hiske, aliyekuwa anakunja kamba juu ya kichwa cha mchumba wake kabisa. Hiske akatazama pembeni. Akaendelea kukunja kamba.

Tulikuwa tumekwisha kuuacha mnara wa taa nyuma Onno alipotoa kichwa, nywele zimesimama. Katazama maji upande huu. Katazama maji upande ule. Kasema, samahani Mama, hapa ni Lemmer bado?

Nikamkaribisha kwa upendo. Nyama yenye mafuta tena, ya moto. Tishari linapanda, linakaa juu, linaanguka. Onno anakula. Nikaona nimtie moyo, nikatafuna kipande na mimi, namwangalia nikingoja. Kikombe kinakuja, kinakwenda. Onno anakula. Nikatafuna kingine. Usiku sikulala kwa mawazo. Moshi wa jana bado umo kwenye mapazia.

Aliyetapika ni mimi.

Mimi! Niliyezaliwa juu ya shehena ya makaa kule Zwartsluis, kwenye tishari! Onno kanishika paji la uso kwa mkono mmoja na ndoo kwa mkono mwingine, wala hakumwaga tone. Kasema pole Mama, tazama kitu kimoja cha mbali, mimi siku za kwanza nilifanya hivyo. Siku za kwanza za nini, nikauliza ndani ya ndoo. Za minara, kasema. Yeye haezeki vibanda. Anaezeka minara ya makanisa. Kule juu kukiwa na upepo mnara wote unayumba, na yeye kajifunga kwenye msalaba tangu asubuhi, na hakuna wa kumletea nyama.

Minara! Nikamwambia Hiske hukuniambia! Kasema nilikwambia, Mama, tangu kiangazi, ila nikisema Onno wewe unasikia nyumba.

Baadaye Onno kaenda kumsaidia Wiebe kwenye usukani. Hiske kaketi miguuni pangu. Nikasema basi, tumbo analo, kumbe ni mtu wetu, aje majini, Wiebe atamfundisha. Nilifurahi. Niliona nimeshinda kwa mlango wa nyuma.

Hiske kasema Onno mwenyewe alishajitolea. Alitaka kuuza nyumba aje. Yeye Hiske ndiye aliyekataa.

Nikauliza kwa nini. Kasema, nataka Jumatatu jioni mtoto wangu awe mezani kwangu, Mama. Na Jumanne. Na siku zote.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananifunika miguu. Nikamwambia ongeza makaa. Jiko lilikuwa limejaa, naye aliona limejaa, lakini aliinuka akaongeza.


Jumamosi, 7 Desemba. Amsterdam

Tumefika wa kwanza, tumepata mbolea ya kupeleka Friesland. Trijntje kafika nyuma yetu, atangoja mpaka wiki ijayo. Hanisalimii. Wiebe amewasimulia watu wote ujanja wangu. Mzee mmoja kanivulia kofia.

Onno kazungumza. Kasimama, kakohoa, kaanza, Baba, na Wiebe akasema ndiyo kabla swali halijafika mwisho. Kisha wote watatu wakageuka kunitazama mimi.

Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka nzuri tu.

Chokoleti yake haikuwepo, nikampa ile yangu. Kaila G yote, hakuuliza mbona G. Ni kijana mwema. Nimelia kidogo nikimenya viazi, nikawaambia ni vitunguu. Vitunguu havikuwepo.


Jumapili, 8 Desemba

Maji yametulia. Tumeimba zaburi, tumekunywa kahawa. Nimemwahidi Mungu: mipango basi. Mtoto mkubwa, ana akili kunizidi, aende akakae salama na mumewe. Mimi nitapunga mkono. Ni wepesi gani huu, kuacha kuhangaika! Mbona sikuacha zamani?

Harusi itakuwa mwezi wa pili. Onno kanichorea nyumba kwenye karatasi ya sukari ili niijue. Hapa mlango. Hapa jiko, na dirisha la jiko. Nikauliza na hii mistari mbele ya dirisha ni nini. Kasema ni mfereji, Mama, vyombo hupita hapo.

Mfereji!

Nikauliza, kwa kupitisha muda tu, kama matishari hufunga pale. Kasema ni marufuku, isipokuwa chombo kilichoharibika. Hicho kinaruhusiwa kukaa mpaka kipone.

Injini yetu itaugua mwezi wa tatu. Itaugua sana. Wiebe bado hajui, na injini yenyewe haijui.