Mlinzi wa Mwezi, mtaa wa Muhumba

Jumatatu, 4 Machi 1974

Kazi! Au karibu kazi. Gérard, mtaalamu Mbelgiji anayepima Ziwa Kivu, anatafuta uwanja wa kuweka mashine yake na mtu wa kuilinda. Mashine inapima jinsi dunia inavyotuvuta chini. Eti hata mwezi unatuvuta kidogo, na mashine inausikia. Sikuelewa. Nikasema naelewa. Anataka udongo mgumu, usiocheza. Nimempa uwanja wangu, pale palipo sawa kuliko pote.

Pako sawa kwa sababu nilipasawazisha mwenyewe jana, juu ya shimo ninamoivisha ndizi za pombe yetu ya kasiksi. Bila kasiksi siwezi kwenda kumposa Cibalonza. Na baba yake, Muzee Mushagalusa, amesema pombe ya mtu asiye na kazi haipiti kooni mwake. Sasa pombe na kazi viko mahali pamoja. Akili!

Jumanne, 5 Machi

Jirani yangu Anaclet naye amepata kazi kwa Gérard. (Serikali ilifuta majina ya ubatizo. La kwake naliandika humu kwa sababu linamuudhi.) Yuko kwenye mtumbwi, anashusha chuma kizito kwa waya mpaka chini ya ziwa, ili Gérard achore ramani ya huko. Amepita kwa Cibalonza kujisifu kwamba amegusa chini ya ziwa. Nikapita nyuma yake, nikasema mimi nalinda mwezi. Cibalonza akauliza kama huwa unatoroka.

Jumatano, 6 Machi

Mashine ina kioo kidogo chenye povu la hewa. Povu likikaa katikati, mashine imesimama wima. Leo limehamia kando. Gérard akauliza kama nimeigusa. Nikaapa kwa marehemu bibi. Nikamwambia mwezi unakaribia kujaa, pengine unavuta kwa hasira. Alinitazama sana. Akarekebisha, akaondoka. Jioni povu limehama tena. Nimesukuma jiwe chini ya mguu mmoja. Anaclet ananionea wivu, ni yeye tu.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Gérard amesema hakuna mwezi unaovuta namna hii. Akapiga magoti, akanusa. “Papa, hii udongo iko na harufu ya kasiksi!” Hapo hapo ardhi ikabonyea. Mguu wake ukazama ndani ya ndizi mpaka goti. Mashine nimeidaka mimi, imepona. Kiatu hakikupona. Hakukasirika. Amecheka mpaka machozi, na hilo ndilo lililoniuma. Kazi basi. Nimekaa nyuma ya nyumba nikimfikiria Cibalonza, nikalia kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Mashine imepelekwa kwa Anaclet. Saa sita mchana ikatolewa. Malori ya Kamituga yanapita mlangoni pake na mshale wa mashine unacheza rumba. Mungu si Athumani!

Nikaenda kuomba msamaha kwa Muzee Mushagalusa. Akasema mwezi haujawahi kumkimbia mtu, lakini mimi umenikimbia. Nikachukua jembe, nikamchimbia shimo la ndizi karibu na mlango wake, nikaweka mikungu yangu iliyonusurika, nikafunika, nikasawazisha. Kazi safi! Muzee akasema angalau kuchimba najua. Cibalonza akaniletea maji ya kunywa, glasi imefunikwa kisahani. Kisahani! Moyo wangu ulikuwa karibu kupasuka kwa furaha.

Jumatatu, 11 Machi

Gérard bado anahangaika na mashine yake. Wazo likanijia barabarani, kubwa kuliko yote. Uwanja wa Muzee Mushagalusa! Hakuna malori. Muzee yuko shambani Kabare mpaka Jumatano, na Cibalonza yuko naye. Wakirudi, watanikuta niko kazini mbele ya mlango wao.

Nimempeleka Gérard. Akauliza mara mbili kama udongo ni mgumu. Nikamwambia udongo ule naujua kwa mikono yangu mwenyewe. Akauliza tuiweke wapi. Nikamwonyesha karibu na mlango, pale palipo sawa kuliko pote.

Sina wasiwasi. Zile za kwangu nilizitupa tu ndani ya shimo, ndiyo maana zilicheza. Hizi nimezipanga.