Ningi Mtarajiwa wa Kambarage

Jumatatu, 5 Julai 1999

Nimeamua. Nitakuwa ningi.

Ningi ndiye kiongozi wa ngoma. Anatunga, anaimbisha, anasimama mbele na kundi zima linamfuata. Babu yangu alikuwa ningi. Baba hakuwa, lakini baba alikuwa na magoti mabovu. Mimi magoti yangu ni mazima, isipokuwa la kulia.

Habari imetoka leo kwenye ukumbi wa kata, katika kikundi chetu cha wazee. Tunakutana hapo tangu Februari, maana tumeambiwa mwaka huu ni mwaka wa wazee dunia nzima. Wengine wanasuka vikapu, wengine wanafinyanga vyungu. Thobias analala. Sasa afisa maendeleo, binti Mwamvua, amesema tuingie kwenye ngoma. Jumamosi ya wiki ijayo makundi mawili yatashindana uwanjani kwa desturi ya Usukuma. Yanacheza wakati mmoja, moja upande huu, jingine upande ule. Majaji hakuna. Watu wakipendezwa na upande mmoja, wanahamia huko. Kundi litakalokuwa na watu wengi jua likishuka ndilo mshindi, na ningi wake ataongoza wazee wa kata katika sherehe zote.

Nikanyoosha mkono kabla binti hajamaliza. Bibi Scolastika akanyoosha wake baadaye, taratibu, kama anayekuna sikio. Basi ni mimi na yeye. Bibi Scolastika! Muuza karanga!

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Tangu nipunguzwe kazi ya karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba, hakuna anayeniita. Zamani nikipita, watu walitoka nje kunisalimu: shikamoo mzee wa mizani. Siku hizi nikipita wanaonipisha ni kuku. Mwanangu Eliya yuko Geita anatafuta dhahabu, na salamu zake huja kwa mdomo wa watu wengine. Nataka watu wasimame upande wangu. Ni hilo tu.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Mazoezi ya kwanza. Nimepata wazee wanne wenye majembe, na Thobias kwa ajili ya ngoma. Thobias alikuwa mlinzi stesheni ya reli. Kwa kukesha sana zamani, sasa anarudishia usingizi wake mchana. Lakini mikono yake, akiwa macho, ni mikono ya mtu.

Tutacheza ngoma ya majembe, kama alivyocheza babu. Jembe linarushwa juu, linazunguka, linadakwa. Wenzangu walisema tuzungushe mara moja. Nikawaambia watu hawahami nyumba zao kuja kuona mzunguko mmoja. Nikarusha. Likazunguka vizuri sana! Hata mimi nililitazama kwa kulipenda, ndiyo maana sikulidaka.

Lilitua katikati ya ngoma ya Thobias. Ngozi ikapasuka, Thobias akaamka. Akasema kwao jembe lililimiwa. Tutatumia pipa la plastiki. Lina sauti mbaya, ila ni kubwa, na ukubwa unaonekana kwa mbali.

Ijumaa, 9 Julai

Upelelezi. Nilijificha nyuma ya ua wa minyaa, nyumbani kwa Bibi Scolastika, nione wanavyofanya mazoezi. Mpango safi. Isipokuwa nilivunja tawi ili nipate pa kuchungulia, na utomvu wa minyaa ukaniingia jichoni.

Nilipiga yowe. Sitaandika yowe la namna gani.

Wakanitoa. Bibi Scolastika akaniosha jicho kwa maji mengi, kichwa changu akikilaza kwenye mkono mmoja kama cha mtoto, akisema pole Baba Eliya, pole, ungepita mlangoni tu. Nikasema nilikuwa nikitafuta mbuzi. Akauliza mbuzi gani, maana sina mbuzi. Nikasema ndiyo maana natafuta. Wakanipa kigoda, karanga na michembe ya viazi vikavu, wakaendelea na mazoezi mbele yangu, bila kuficha kitu! Hivyo nimewapeleleza kwa jicho moja, nikitafuna.

Na sasa naandika nilichokiona. Kimenisumbua.

Bibi huyu haanzi na wimbo. Anaanza na mikono. Anamwita mtu mmoja mmoja na kumwuliza: mikono yako ilifanya nini ulipokuwa na nguvu? Mama Fahim, yule mjane wa duka la vitambaa, jina lake Gulnar, akasema alipima vitambaa miaka yote ya ndoa yake. Akaonyesha, toka ncha ya pua hadi ncha ya vidole, kichwa kikigeuka pembeni. Bibi Scolastika akalitazama hilo, akaimba kitu kidogo juu yake, na mara safu nzima ya wazee inapima kitambaa kisichoonekana, vichwa vinageuka pamoja. Ilikuwa ngoma! Ngoma kabisa!

Kisha akaitwa Marselino. Marselino alikuwa seremala kabla ya kupooza. Mkono wake wa kushoto haufanyi kazi tena. Akasema yeye atapiga makofi tu kwa kujipiga pajani. Bibi Scolastika akamwambia apige randa kwa huo mmoja. Marselino akapiga randa. Na Bibi, bila kumwambia mtu neno, akaupeleka mkono wake wa kushoto mgongoni. Mama Fahim akaupeleka wake. Wote wakaipeleka mikono yao ya kushoto mgongoni, wakapiga randa kwa mkono mmoja, na katika safu nzima usingejua ni nani aliyepooza.

Jicho lilinitoka machozi. Utomvu.

Mbinu kali mno ile. Tena si ya haki. Anatumia watu!

Jumapili, 11 Julai

Msaliti yumo nyumbani mwangu. Mama Eliya, mke wangu wa ndoa ya kanisani, amejiunga nao.

Nilimkuta jikoni anasukuma mikono hewani, mbele na nyuma, anavuma wimbo. Nikauliza kulikoni. Akasema ni kusaga mtama kwa jiwe, kama alivyosaga kwa mama yake, na kwamba Bibi Scolastika amempa ubeti mzima. Mwanamke huyu hajacheza tangu harusi yetu. Alikuwa akisema kiuno kinauma. Kiuno kiko wapi leo?

Nikamkumbusha kwamba mke husimama upande wa mumewe. Akanijibu kwamba atasimama upande wangu siku nitakapopata upande. Kisha akanipakulia ugali mkubwa kuliko wa kawaida, na hapo ndipo nilipojua kwamba ananihurumia. Sikumaliza. Nilimaliza baadaye.

Amependeza, lakini. Alikuwa akicheka peke yake.

Jumatano, 14 Julai

Nimepata! Mazoezi si kitu. Babu alikuwa na dawa ya kuvuta watu. Kila ningi mkubwa alikuwa nayo, na kila mmoja aliificha. Babu hakunifundisha, maana alisema nina mdomo. Kwa mganga siwezi kwenda, padri atasikia. Basi nimetumia akili. Watu hufuata nini? Hufuata walipo watu. Na watu wakikanyaga mahali, hubaki nini? Udongo!

Nimechukua udongo wa sokoni, penye msongamano wa nyanya. Nimechukua udongo wa stesheni, treni ya Mwanza ilipokuwa imesimama. Nimechukua wa mlango wa kanisa na wa mlango wa msikiti, ili asibaguliwe mtu. Nikauchanganya kwenye kopo la mafuta ya Kimbo.

Stesheni mtu aliniuliza nimeangusha nini. Nikasema heshima. Akanisaidia kutafuta.

Mazoezi ya leo hayakufanyika kwa sababu ya kazi hii. Wazee wangu wanne walikuja, hawakunikuta, wakaenda kuangalia ya Bibi Scolastika. Thobias anasema wameyasifu sana. Yeye amejuaje?

Ijumaa, 16 Julai

Alfajiri nimekwenda uwanjani na kopo langu. Nimechagua upande wa ukumbi, wenye kivuli cha ukuta alasiri, na binti Mwamvua alikwisha kunikubalia niwe huko. Nikanyunyiza udongo wote, nikasawazisha kwa mguu.

Nageuka, binti Mwamvua huyu hapa! Shikamoo mzee. Marahaba. Akatazama kopo, akatazama chini, akasema Mungu anibariki, maana vishimo vile vya uwanjani vingevunja mtu nyonga, na hakuna aliyefikiria kuvifukia ila mimi. Akasema atanitaja kesho mbele ya watu. Nikasema aah, si neno.

Kesho nitakuwa ningi.

Jumamosi, 17 Julai

Nimefedheheka. Naandika bado nina vumbi.

Watu walijaa toka saa nane. Kambarage nzima, na wengine wa mbali. Binti Mwamvua akanitaja kweli: Mzee Donatus aliyefukia mashimo. Wakanipigia makofi. Mara akaendelea kusema kwamba kwa kuwa mzee huyu ana moyo hivyo, bila shaka atakubali kumwachia Bibi Scolastika upande wa kivuli, kwa sababu Marselino hawezi kusimama juani.

Ningesema nini? Kwamba upande ule una stesheni na kanisa na msikiti ndani yake? Watu walikuwa bado wanapiga makofi. Nikakubali. Nikaenda juani na majembe yangu.

Tulianza vizuri! Majembe yaling'aa. Nilirusha moja nikalidaka. Kweli nililidaka, Mungu shahidi. Watu wakaja upande wetu, wengi, mpaka wakabanana. Nilisikia kitu kifuani nilichokuwa nimekisahau. Niliimba kwa sauti ya babu.

Kisha kwenye kivuli wakaanza kupima vitambaa.

Watu waligeuza shingo kwanza. Baadaye mabega. Mama Fahim alikuwa mbele na mtandio wake, anapima pua hadi vidole, wenye maduka wanamshangilia kwa kupiga miluzi. Wakahama wenye maduka. Mama Eliya akasaga mtama, na jamani, alisaga! Wanawake wote wa uwanjani wakaanza kusaga naye, wakienda huku wanasaga. Lilipofika randa la Marselino, safu yote mkono mgongoni, uwanja ukalipuka. Huko kivulini palijaa hata watu wakapanda ukuta.

Nikamwambia Thobias azidishe pipa. Alizidisha, lakini nikagundua anafuata mapigo ya kule. Kidogo akalibeba pipa lenyewe, akaenda nalo, akiwa macho kuliko nilivyopata kumwona. Wazee wangu wanne wakaaga kwa adabu. Mmoja aliniachia jembe lake nilishike.

Nikabaki mimi na jua. Niliendelea kuimba. Sikuwa na la kufanya ila kuimba, maana ningenyamaza ingekuwa wazi kwamba niko peke yangu.

Ndipo nikasikia jina langu.

Bibi Scolastika alikuwa amenyamazisha kundi. Akaimba peke yake, na sauti yake ni ya kizee, inakwaruza, lakini inafika:

Pamba imefika, magunia yamelala,
nani atapima kama Baba Eliya hayupo?

Akainama. Akafumba jicho moja. Akasukuma kidole mbele polepole, vile nilivyokuwa nikisogeza jiwe la mizani, akasubiri, akasubiri, akapaza sauti yangu ya kuamuru gunia lishushwe: Tua! Na uwanja mzima, wenye maduka, wanawake, Marselino, binti Mwamvua, mke wangu, wote wakainama, wakafumba jicho, wakasukuma kidole. Tua! Sikujua kama kuna mtu aliyewahi kuitazama kazi yangu kwa makini hivyo. Kumbe alikuwa akiuza karanga pale getini miaka yote ile, na alikuwa akiniangalia.

Mimi sikuhama. Miguu ndiyo iliyohama. Nilifika katikati yao nikawaambia kidole hakisukumwi hivyo, kinasukumwa kwa ncha, mizani haitaki haraka. Nikawaonyesha. Wakarudia, mara hii sawasawa. Bibi Scolastika akarudi nyuma hatua moja akaniacha mbele.

Nililia. Si utomvu.

Jumapili, 18 Julai

Bibi Scolastika ndiye ningi wa wazee wa kata. Sina kinyongo. Hapa Shinyanga sijaona mtu wa kumfikia, na atakayebisha aje nimweleze. Mama Eliya ameamka anaimba. Njia nzima ya kutoka kanisani watu walinifumbia jicho moja na kunisukumia kidole. Mpaka padri!

Jioni Bibi alipita hapa na karanga. Akasema nafasi yangu ni mstari wa mbele kuanzia Jumatano, na kwamba ule ubeti ni wangu, asiwepo mwingine wa kuucheza. Nikamshukuru kwa Kisukuma: wabeja, mama. Nilisema kwa moyo.

Alipoondoka nikakaa, nikafikiri vizuri. Kwa nini amenitungia wimbo? Katika uwanja mzima, kwa nini mimi? Mtu hakutungii wimbo kama hakuogopi. Aliona nguvu yangu pale juani, akatetemeka, ikabidi anivute. Ni wazi kabisa! Nimemweleza Mama Eliya. Ameniambia nilale.

Basi nimepanga. Jumatano nitakwenda, mstari wa mbele kama alivyotaka, kumbe niko pale kwa upelelezi. Nitaimba nao, nitacheza nao, nitacheka nao, na hakuna atakayeshuku, hata ikichukua miaka. Nitatoka hapa mapema sana, nisije nikakuta mtu amesimama mahali pangu.